Salamu za Kitulo

1

Kazi yangu ilikuwa moja tu hapa duniani: kusoma barua polepole. Kwa miaka miwili sikuifanya.

Nasema mapema ili msomaji asije akanipenda bure halafu akajuta. Jina langu ni Subilaga Mwakyoma, kituoni wananiita Mama Tumpe, na cheo kilichobandikwa mlangoni kwangu ni Msomaji wa Macho. Kituo chetu kipo Tukuyu, kwenye mvua isiyojua kuchoka, na kinapokea barua kutoka Kitulo. Si Kitulo ile ya maua huku kwetu milimani. Ni ile iliyokwenda na jina hilo hadi Mirihi, watu arobaini na mmoja ndani ya mapango ya jiwe jekundu, mwendo wa miezi saba kwa chombo. Mwaka wao wa kwanza dhoruba ya vumbi iliangusha antena kubwa. Ile ndogo iliyobaki haikuweza kupitisha picha wala sauti, ila maandishi tu, kurasa kumi kwa wiki. Basi wakarudi kwenye barua, kama babu zetu.

Sheria ya kituo inadai kila barua ya Kitulo isomwe na mtu mmoja kwa macho yake, neno kwa neno, kisha atie saini kwamba amesoma. Wengine wote wanaruhusiwa kutumia kijiko. Na nani siku hizi hana kijiko? Kale kachombo ka kubandika nyuma ya sikio, ukubwa wake kama kijiko cha chai, kanakulisha kitabu kizima kabla hujamaliza kupiga chafya. Watu hawasemi tena kwamba wamesoma. Wanasema wamekula. Wanafunzi wanakula masomo, mahakimu wanakula mashauri, na wapenzi, Mungu awasamehe, wanakula barua za mapenzi.

Nami nikala. Kila Jumamosi barua ikifika nilibandika kijiko, nikaila kwa sekunde nne, nikatia saini pale palipoandikwa "Nimesoma kwa macho yangu", kisha nikafuma sweta hadi saa ya kutoka. Nimefuma sweta nyingi sana. Nusu ya ofisi inavaa uzembe wangu.

Barua ya mia na nne ilipofika, ikisema antena ndogo itakarabatiwa wiki tatu na barua zitasimama, isipokuwa ujumbe mfupi, orodha ya wasafiri wa kundi la pili ilibandikwa ukumbini. Watu sitini, kuondoka baada ya wiki tatu. Jina la kumi na mbili lilikuwa Tumpe Mwakyoma, fundi wa maji. Mwanangu wa pekee.

Alikuja nyumbani jioni ile amelowa chapachapa, uso unang'aa kwa furaha, akaketi jikoni na kuuliza: "Mama, wewe ndiye umesoma barua zote. Hebu niambie, huko kukoje?"

Nikafungua kinywa. Nilijua lita za maji kwa siku, kilo za viazi kwa msimu na kiwango cha hewa pangoni. Nilijua kila tarakimu ya Kitulo. Lakini kama asubuhi wanaamka na baridi, kama wanagombana, kama pananuka nini, sikujua hata chembe. Nikamwambia kuko vizuri. Akacheka akasema, "Mama nawe! Vizuri vipi?" Nikajifanya naangalia sufuria.

Kesho yake nilichapisha barua zote mia na nne kwenye karatasi, nikakivua kijiko, nikakitia ndani ya droo, nikaketi dirishani na barua ya kwanza.

2

Siku ya kwanza niliteseka. Macho yalikuwa yanaruka mistari kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kila nilipofika nusu ya sentensi akili ilikuwa imeshatangulia mwisho, inanisubiri, inauliza kwa nini nachelewa. Ilinibidi nisome kwa sauti, na kidole juu ya karatasi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wa ofisini walipita wakatabasamu. Mmoja aliniletea chai ya tangawizi akidhani naumwa.

Barua ziliandikwa na mtu mmoja, Mwalimu Ambakisye, mzee wa miaka sitini na tisa aliyekubali kwenda kufundisha watoto wa Mirihi ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Kurasa saba za mwisho zilikuwa taarifa ya mkuu wao, Injinia Mbonea: maji, hewa, viazi. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa salamu, na salamu hizo zilikuwa zake Ambakisye. Kila wiki alipita pangoni kwa kila mtu, akamuuliza ana salamu gani za nyumbani, akaandika alivyoambiwa.

"Kwanza tuwajulie hali," aliandika kwenye barua ya kumi na moja. "Sisi huku wazima. Gwamaka wa pampu anawasalimu, amelala chali chini ya mashine, naona miguu tu, lakini miguu inasema haijambo. Hobokela wa bustani anawasalimu, amekasirika, msimuulize kwa nini. Lugano mpishi anawasalimu, anasema kama kuna mtu nyumbani anakula ndizi leo ale kimyakimya tusisikie. Kaijage anawasalimu kutoka dirishani. Ameniita nione jua likizama. Huku jua likizama anga inakuwa ya buluu, tumekuwa tukilitazama kila jioni kwa miezi mitatu na bado hatujaamini."

Niliiweka karatasi chini. Nikaisoma tena ile sentensi ya mwisho, halafu tena. Nilikuwa nimeila barua hii, nikaitia saini na kufuma kola ya sweta, na anga ya buluu ilikuwa humu muda wote.

Tangu hapo sikuhitaji kujilazimisha. Nilisoma barua nane kwa siku na nikazionea uchungu zilivyokuwa zinapungua. Nikajua kwamba pangoni mnanuka baruti na viazi vya kuchemsha. Nikajua Hobokela na Nyamizi hawakusemezana wiki sita kwa sababu ya blanketi, wakapatana siku walipovuna mahindi. Nikajua chumba walichokipenda kuliko vyote, chumba cha joto, kule chini kabisa wanakoyeyushia barafu, ambako bomba linachuruzika maji ya moto na watu wanakwenda kukanda viungo na kupiga soga. Watu arobaini na mmoja waliingia kwenye kichwa changu mmoja mmoja, kila mmoja na mlango wake, wakakaa. Sijapata kuona jambo kama hilo. Niliketi Tukuyu, mvua inapiga bati, nami nawasikia watu wakikohoa kwenye sayari nyingine.

Barua ya sitini na nne ndiyo iliyonishtua.

"Gwamaka wa pampu anawasalimu, kidole gumba kimefungwa kitambaa, spana ilimponyoka, msimcheke. Anakiloweka kwenye maji ya moto ya chumba cha joto."

Nikawaza: kidonda gani hiki kisichopona? Maana nilikumbuka kitambaa hicho. Nikarudi nyuma. Barua ya sitini na tatu, kitambaa. Sitini na mbili, kitambaa. Spana ilimponyoka barua ya hamsini na saba, na kuanzia hapo kila wiki ilikuwa imemponyoka tena, kwa maneno yale yale, herufi kwa herufi.

Nikaenda mbele. Barua ya sabini: "Hobokela wa bustani anawasalimu, leo amekula nyanya ya kwanza bila kumgawia mtu, ameiosha kwa maji ya chumba cha joto na kuimaliza palepale." Barua ya sabini na moja, nyanya ya kwanza. Sabini na tano, nyanya ya kwanza. Barua ya tisini, Hobokela bado anakula nyanya ya kwanza, wakati Lugano mpishi hajawahi kusema jambo moja mara mbili tangu apande chombo, kila wiki ana umbea mpya.

Walio hai walikuwa na salamu mpya kila wiki. Wengine walikuwa na salamu moja tu, ya mwisho, na mzee yule alikuwa anaileta tena na tena.

Nilipofika barua ya mia walikuwa saba.

3

Kabla sijamwamini mtu mwingine nilitaka kujiamini mwenyewe. Nilikitoa kijiko kwenye droo, nikakibandika, nikaila upya barua ya sitini na nne. Sekunde nne, na ile ladha ya chuma kwenye ulimi. Maji lita elfu moja mia mbili, hewa sawa, viazi vimepungua kidogo, pampu ya tatu imefanyiwa matengenezo. Nikamtafuta Gwamaka kwenye kumbukumbu ile mpya. Hakuwemo. Si kwamba kijiko kilimsahau, hakikumpitisha kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nitaeleza kwa kifupi kwa kuwa mimi si fundi. Kijiko hakisomi. Kinapepeta. Maandishi yanapita kwenye ungo wake, kila kilichokwisha kusemwa kinapeperushwa kama makapi, na punje zilizobaki zinashindiliwa kwenye kumbukumbu yako. Wabunifu walipokijaribu kwa Kiswahili waligundua kwamba theluthi nzima ya kila barua tunayoandika ni kujuliana hali. Walifurahi mno. Mwendo wote wa kijiko umetokana na hapo: walikifundisha kutupa salamu.

Ni kosa ambalo tungeweza kulifanya sisi tu. Watu wengine hawana salamu za kutosha kuficha maiti saba.

Wazazi nao, ndugu nao, walizila barua zile kila wiki na kushiba. Mama yake Gwamaka anakaa Kiwira, mwendo mfupi kutoka hapa. Alikuwa amezila zote.

4

Mkurugenzi wetu, Kyando, ni kijana wa miaka thelathini na nne, mwerevu, mpole, ana heshima zake. Aliinuka kunipokea. "Shikamoo, Mama Tumpe. Umekuja na cheti?" Zilibaki siku tisa chombo kiondoke, na cheti kilichosubiriwa kilikuwa changu: kwamba barua zote zimesomwa na Kitulo ni salama.

Nilimwekea karatasi mezani, nikamwonyesha kwa kidole. Alitaka kubandika kijiko, nikamzuia mkono. Akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Mbonea anajua," alisema. "Lazima anajua. Kila wiki tunamuuliza kama wote ni salama, na kila wiki anajibu ndiyo."

"Anajua. Na nadhani aliwakataza kutaja vifo. Anaogopa tukisikia tutafuta safari, wabaki peke yao."

"Na je, amekosea?" Kyando alisimama, akaenda dirishani. "Mama, sheria unaijua. Vifo vikifichwa, safari inasimama mpaka uchunguzi uishe. Nafasi ya kuondoka inakuja kila baada ya miezi ishirini na sita. Wale thelathini na wanne hawana miezi ishirini na sita. Ukilisema hili, umewaua."

"Na nikinyamaza nimewapakia watu sitini kwenye chombo waende penye kitu kinachoua, na hawajui."

"Tunaweza kuwaambia wakiwa njiani."

"Wakiwa njiani wanaweza kurudi?"

Alirudi mezani akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, na ndiyo sababu ilinichoma: "Mama, saini za barua hizi zote ni zako. Barua ya hamsini na nane ingesomwa kwa macho wiki ile ile, wangekuwa wamekufa wangapi leo?"

Hilo nilikuwa nimeshajiuliza. Mmoja. Angekuwa amekufa Gwamaka peke yake.

Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni nikalia, sikujali. Hobokela, Nyamizi, Kaijage wa dirishani na wale wengine watatu walikufa huku mimi nafuma. Na pembeni ya majuto hayo palikuwa na uoga mwingine, mdogo na mchafu: nikisema wazi, kila mtu atajua. Nikinyamaza, itabaki siri ya watu wawili wenye heshima. Na Tumpe? Ningeweza kumvunja mguu akabaki nyumbani. Niliwaza hivyo kabisa, nikapanga na ngazi ya kumsukumia.

"Kuna kifungu cha nne," nilisema mwishowe, nikijifuta kwa upindo wa kitenge. "Msafiri yeyote anaweza kudai asomewe barua kwa sauti kabla ya kuondoka. Wakishasomewa zote, wakakubali kwenda, na wasipungue arobaini, safari haisimami."

"Hakuna aliyewahi kukitumia."

"Nina msafiri mmoja nyumbani. Nitamwambia adai."

"Watakataa wote, Mama. Nani atakwenda?"

"Basi watakataa wakijua," nikasema.

5

Tulikutana ukumbi wa chakula, saa mbili asubuhi. Watu sitini kwenye mabenchi, sweta zangu nyingine nikaziona humo humo. Nilizungusha beseni la kuoshea vyombo nikawaomba waweke vijiko vyote ndani. Walicheka, wakaweka. Vilikuwa vinalia kling, kling, kimoja baada ya kingine, na kila aliyeweka alijishika nyuma ya sikio kama mtu aliyenyolewa.

Nikaanza na dhambi yangu. Nilisema: mimi ndiye niliyepaswa kusoma barua hizi, sikuzisoma, nilizila, na nilidanganya kwa saini yangu mara mia na nne. Nilimwona Tumpe benchi la tatu akiinamisha kichwa. Nikasema: leo nitasoma salamu peke yake, kuanzia mwanzo, taratibu. Sitaeleza kitu. Sikilizeni tu.

Nilisoma kwa saa kumi. Mvua ilikuja ikaondoka mara nne. Mwanzoni walijikuna, wakapiga miayo, wakatazama beseni. Kufikia barua ya kumi na moja, ile ya jua la buluu, waliacha kujikuna. Kufikia ya thelathini walikuwa wanawajua. Hobokela akikasirika wanaguna, Lugano mpishi akitajwa wanacheka kabla hata sijamaliza jina lake. Nilikuwa siamini. Watu wasiowahi kusomewa tangu utotoni, wamekaa wameegemeana mabega, na pango zima la Mirihi limejaa ukumbini kwetu.

Spana ilipomponyoka Gwamaka walicheka, kwa kuwa aliomba wasimcheke. Mara ya pili wakacheka tena. Mara ya tano alicheka mmoja. Mara ya nane nilisikia mvua tu. Barua ya sabini na mbili, Hobokela alipokula nyanya ya kwanza kwa mara ya tatu, mama mmoja benchi la nyuma alisimama. "Ngoja kwanza," alisema. "Huyu dada hayupo. Wala yule wa kidole. Hawa watu hawapo!" Akaziba mdomo. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, maana kila mtu alikuwa ameshajua na hakutaka kuwa wa kwanza.

"Niendelee?" niliuliza.

"Endelea, Mama," walisema.

Nikaendelea. Sasa kila jina lilipokuja walisubiri kama litakuwa na jambo jipya. Lilipokuwa nalo, walipumua. Nyamizi alipoanza kurudia, "amesuka nywele upya baada ya kuziosha chumba cha joto," watu watatu walilia. Kaijage alipoanza kurudia, "anasema chai ya maji ya chumba cha joto haina mfano," Tumpe alisimama.

"Mama, rudia salamu ya mwisho ya Gwamaka. Na ya Hobokela. Za wote saba."

Nilirudia, moja moja. Kidole kwenye maji ya moto, nyanya, nywele, chai. Alikuwa anahesabu kwa vidole, macho yamemtoka.

"Ni maji ya kule chini," alisema. "Ile barafu ina chumvi ya sumu. Tangi la juu lina chujio, ndiyo maana vipimo vya Mbonea viko sawa. Lile bomba la chumba cha joto liliwekwa kwa ajili ya mashine, halipiti kwenye chujio. Hakuna aliyewahi kulipima kwa sababu halikuwekwa kwa ajili ya watu!" Akageuka. "Mkurugenzi, waambie wafunge lile bomba. Sasa hivi."

Kyando alitoka mbio, ujumbe ukaondoka. Dakika kumi na saba kufika, kumi na saba kurudi. Hatukungoja kimya, walinitaka nimalizie. Zilibaki barua nne ambazo hata mimi nilikuwa sijazisoma, maana nilipofika ya mia nilikimbilia kwa Kyando.

Mwisho wa salamu zote Mwalimu Ambakisye alikuwa na kawaida ya kujitaja mwenyewe. Barua ya mia na moja: "Nami mwandishi wenu nawasalimu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, Lugano amenitekea kule chini, nimetulia kama mfalme." Barua ya mia na mbili: "Nami mwandishi wenu nawasalimu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto…"

Nikafunua ya mia na tatu. Beseni. Ya mia na nne, beseni.

Mzee aliyezichukua salamu za watu kama amana, akazileta kila wiki hata baada ya wenyewe kufa kwa kuwa hakutaka kuwaongopea walio nyumbani na hakuruhusiwa kuwaambia ukweli, naye alikuwa ameshakwenda. Na bado barua zilikuwa zinakuja, kwa mtindo ule ule wa maneno. Nikatafuta juu, kwa kidole, jina kwa jina, mpaka nikampata kwenye barua ya mia na mbili: "Lugano mpishi anawasalimu, wiki hii ameunguza wali mara mbili, mawazo yake yalikuwa kwenye kuandika."

Lugano mpishi, aliyemtekea maji, alikuwa ameishika kalamu. Nilisimama mbele ya watu sitini na karatasi mkononi, moyo wangu umejaa hofu ya Mungu na kitu kingine kikubwa kuliko huzuni, sina jina lake mpaka leo.

Kyando akarudi mlangoni. Jibu la Mbonea lilikuwa mistari miwili: "Tumelifunga bomba. Mtusamehe."

Kisha Kyando akauliza nani bado anakwenda. Kumi na sita walibaki wameketi, wala hakuna aliyewanyooshea kidole. Arobaini na wanne wakasimama. Tumpe alikuwa wa kwanza. Nilizisoma barua zile ili nijue anakokwenda, ikiwezekana nimzuie, na ndizo zilizompa sababu ya kwenda. Alinitazama tu. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ningefanya nini.

6

Cheo changu walikiondoa mlangoni wiki ile ile. Ilikuwa haki. Walinirudishia baada ya mwezi, maana hawakumpata mwingine anayeweza kukaa na ukurasa mmoja bila kuwashwa.

Kabla ya hapo nilikwenda Kiwira kwa mama yake Gwamaka. Sitaandika alichoniambia. Baadaye alinikaribisha ndani, nikamsomea salamu zote za mwanawe tangu barua ya kwanza, ile miguu chini ya mashine, mpaka spana. Alicheka pale kwenye spana. "Tangu mdogo," alisema, "kila kitu kinamponyoka." Akaniomba nirudie.

Siku ya kuondoka chombo niliandika majibu ya kwenda Kitulo. Kyando aliniachia kurasa zote kumi. Niliandika salamu za wasafiri arobaini na wanne, kila mmoja na lake. Kisha nikaandika hivi:

"Gwamaka, salamu zako zimefika. Mama amezipokea, amecheka, utamsamehe. Hobokela, salamu zako zimefika, nyanya hatukuitaka. Nyamizi, salamu zako zimefika. Kaijage, zimefika, na jua la buluu tumeliona." Wote saba, kila mmoja kwa jina. Na mwisho: "Mwalimu, salamu ulizobeba zimefika zote. Na zako pia. Toa miguu kwenye maji sasa, upumzike."

Jumamosi ikaja barua ya mia na tano. Niliifunua dirishani, kidole juu ya karatasi. Lugano aliandika yeye ni mwandishi mpya na tumvumilie. Kisha salamu. Nilihesabu majina, nikarudia kuhesabu. Walikuwa thelathini na watatu, na kila mmoja alikuwa na jambo jipya. Wale wanane hawakuwemo. Salamu zao zilikuwa zimeshafika, hapakuwa na haja ya kuzibeba tena.

Sasa ni mwaka wa pili tangu chombo kitue. Kila Jumamosi naketi pale pale, naanza juu kabisa, siruki mtu, ingawa najua jina ninalolitafuta liko ukurasa wa tatu na moyo unanidunda njia nzima. "Tumpe wa maji anawasalimu." Nasimama hapo. Navuta pumzi kabla ya kusoma kinachofuata.

Wiki iliyopita alisema sweta niliyomfumia imetoboka kiwiko. Wiki hii ameishona.